Kadi Isiyokuwa na Lakini

Kadi yenyewe bado inanuka samaki. Niliikuta chini kabisa ya sanduku la Mama, wiki moja baada ya kumzika, katikati ya vitenge alivyokuwa akivitunza kwa ajili ya sherehe ambazo hakwenda. Ni kipande cha boksi la maziwa ya unga kilichokatwa kwa mkasi, na juu yake kuna alama mbili za kibanio cha nguo. Upande wa mbele niliujua tangu utotoni, kwa sababu ni mimi niliyeiiba kadi hiyo. Upande wa nyuma sikuwahi kuuona. Nilipoigeuza nilikaa chini sakafuni, nikaisoma mara tatu, kisha nikacheka mpaka wamama waliobaki kilioni wakaja mlangoni kunichungulia, wakidhani uchungu umenipanda kichwani.

Nitasema kilichoandikwa huko nyuma, ila si sasa. Kwanza lazima mumjue Papa Modeste, na mumjue mtu mwingine ambaye mpaka leo sijamsamehe na sina mpango wa kumsamehe.

Kama una umri wangu na ulikulia Lubumbashi, huenda ulipita mara nyingi mbele ya kibanda cha Papa Modeste bila kujua jina lake. Kilikuwa mwisho wa soko letu, pale ambapo meza za samaki wakavu zinaishia na mafundi wa viatu wanaanza. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti la kahawia ambalo hakulivua hata mwezi wa kumi, wakati jua linachoma mpaka lami inalainika. Hakuuza madaftari wala vitabu vya shule. Aliuza historia, maisha ya watu, na kumbukumbu za watu, basi. Vitabu vipya vilipofika hakuvitundika siku hiyohiyo. Alivibeba nyumbani kwake, akavisoma, na wiki iliyofuata akarudi navyo kila kimoja na kadi yake, akavibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Kulikuwa na kamba mbili tu. Juu ya moja aliandika Histoire. Juu ya nyingine aliandika Biographies, na hapo alichanganya wale walioandikwa na wengine na wale waliojiandika wenyewe, kwa kuwa kamba ya tatu ingegusa paa la fundi viatu.

Kadi hizo ndizo zilizonifundisha kusoma. Bado nazikumbuka kwa moyo. “Histoire ya njia ya treni ya Sakania. Soma kama nkambo yako, baba ya baba yako, alitumika ku reli na hakukuambia kintu. Lakini: muandishi anapenda mashini kupita bantu.” Nyingine: “Maisha ya monseigneur moya, askofu wa zamani. Mapicha iko mazuri. Lakini: mwenye kuandika alikuwa anamuogopa.” Nyingine niliyoipenda zaidi: “Infirmière wa hopitali ya Kasenga anasimulia kazi yake. Inaanza pole. Vumilia mpaka fasi yenye mayi ya muto inapanda. Lakini: iko mufupi sana.”

Kila kadi iliisha hivyo, kwa neno lile lakini, na baada yake ukweli mmoja mchungu. Kulikuwa na watu waliokuja sokoni kusoma lakini za Papa Modeste tu, wakacheka, wakaenda zao bila kununua hata ukurasa mmoja. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajiharibia biashara kwa mkono wake mwenyewe.

“Kitabu yenye haina lakini,” akanijibu, “ni ya Mungu, ao ni ya muongo. Na Mungu haletake kitabu yake kwangu.”

Nilikuwa na miaka tisa. Meza ya Mama ya samaki wakavu ilitazamana na kibanda kile, na baada ya shule nilikaa kati yao wawili. Mama alizaliwa Kasenga, kando ya mto, na samaki wake walitoka huko, wamefungwa kwenye vikapu na magazeti ya zamani. Kabla ya kutupa gazeti lolote alinipa mimi. “Unisomeye,” alisema. “Macho yangu inauma.” Nilisoma matangazo ya vifo, bei ya saruji, barua za wasomaji wenye hasira. Mama alisikiliza huku akipanga samaki vichwa upande mmoja. Nikikosea neno alisema, “Rudilia pale,” nami nikarudilia. Sikujiuliza hata siku moja mtu asiyejua kusoma anajuaje kwamba nimekosea.

Sasa nirudi nyuma miaka miwili, kwa yule mtu mwingine.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Tuliishi Makomeno, katika nyumba aliyoipata kwa jasho lake, yenye mti wa avoka uani na ukuta mfupi ambao niliweza kuupanda. Aliugua wakati wa mvua, akafa kabla mvua hazijaisha. Walisimamisha hema uani, wakapanga viti vya plastiki, wakaweka picha yake kubwa getini. Nilikaa mkekani na Mama katikati ya wanawake. Kisha kaka yake Baba, Baba Mukubwa, aliyekuwa inspecteur wa mashule, akasimama na kipaza sauti na karatasi. Ni desturi yetu: kabla ya kwenda makaburini lazima asimame mtu na kusoma biographie ya marehemu, alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, anaacha nani.

Alisoma vizuri, sikatai. Sauti yake ilikuwa nene na tulivu. Alisoma Kifaransa kwanza, kisha akasema atasoma na kwa Kiswahili, ili hata wale ambao hawakwenda shule waelewe, na aliposema hivyo alimtazama Mama. Alifika mwisho wa karatasi.

“Hakuacha bibi. Hakuacha mutoto. Anaacha yaya moya, njo miye, na badada babili, bote banamulilia.”

Nilitazama mikono yangu. Nakumbuka hilo kuliko jeneza. Nilitazama mikono yangu kuona kama ipo. Kisha nikamvuta Mama kitenge.

“Mama, miye niko mutoto ya nani?”

 Wanawake waliotuzunguka waliinamisha vichwa wote kwa pamoja, wengine wakaanza kurekebisha vitambaa vyao ambavyo havikuwa na kasoro.  Wote walijua. Baba na Mama walikuwa wameoana kwa desturi, nyumbani kwa wazee wa Mama kule Kasenga, bila padri na bila karatasi ya ndoa ya komini, na Baba Mukubwa hakuwahi kumkubali mwanamke aliyetoka mtoni. Zaidi ya hapo aliitaka nyumba. Mtu asiyeacha mke wala mtoto, nyumba yake inakwenda kwa kaka. Maua ya kaburini yalikuwa hayajakauka tulipotolewa pale na vyombo vyetu, tukaenda kuishi kwa mdogo wake Mama, katika mtaa wa Katuba.

Na kuna jambo lililonichoma zaidi nilipokua na kulielewa. Jina langu ni la bibi yangu, mama wa Baba, ambaye ni mama wa huyo Baba Mukubwa pia. Baba alinipa jina hilo mbele ya kaka yake, na kaka yake alinywa pombe ya sherehe. Kisha akasimama na kipaza sauti akamfuta mtoto aliyebeba jina la mama yake mzazi. Tangu siku hiyo Mama aliacha kulitamka jina hilo. Alianza kuniita Bijou, na soko zima likanijua kwa jina la Bijou. Nilidhani jina langu la kweli limezikwa pamoja na Baba kwa sababu karatasi ilisema hivyo.

Hivyo ndivyo nilivyoelewa neno biographie. Ni karatasi inayosomwa juu ya mtu akishakufa, na likishasomwa jambo humo linakuwa kweli. Vitabu vya kamba ya pili ya Papa Modeste vilinithibitishia hilo. Wafalme wa zamani, maaskofu, wanajeshi wenye masharubu: wote walikuwa wamekufa. Kuwekwa kwenye kamba ile kwangu kulikuwa sawa na kuwekwa kaburini.

Ikafika Jumatano moja. Nilitoka shule, nikapita kibandani kama kawaida, na pale kwenye kamba ya pili nikamwona Baba Mukubwa. Alikuwa kwenye jalada la kitabu, na suti na miwani, na mkono kwenye kidevu. Jina la kitabu lilihusu maisha na unyofu. Silitaji hapa, sitaki kumfanyia matangazo. Moyo wangu uliruka. Nasema wazi, uliruka kwa furaha. Nilikuwa nimemwombea kifo kila Jumapili kwa miaka miwili, wakati wenzangu wakiombea pipi na viatu, na sasa Mungu alikuwa amesikia.

“Papa Modeste, ile kitabu ni mupya?”

“Mupya.” Hakunitazama usoni. Alikuwa ananoa penseli kwa kisu.

Nilisogea nikaisoma kadi. Kisha nikaona kitu ambacho sijawahi kuona kwenye kamba zile. Mwishoni kulikuwa na neno Lakini na nukta zake mbili, na mbele yake hakuna kitu.

“Ulisahau kumaliza,” nikamwambia.

“Sikusahau. Lakini ya ile kitabu haiko yangu ya kuandika.”

Sikumwelewa. Alipogeuka kumhudumia mteja nikakibana kibanio, nikaichomoa kadi, nikakimbia nayo hadi kwa Mama.

“Mama! Baba Mukubwa alishakufa!”

Mama alikuwa ameshika samaki kwa mkia. Alimweka mezani polepole. “Nani anakuambia?”

“Banamutundika ku kamba ya Papa Modeste! Banaandika biographie yake, na picha iko!”

“Unisomeye.”

Nikasoma kwa sauti kubwa: “‘Inspecteur wa zamani wa mashule anasimulia maisha yake. Soma sura ya tatu, juu ya mama yake. Utalia.’ Unaona, Mama? Banasema tutalia! Kisha banaandika ‘Lakini,’ kisha hakuna kintu.”

Chini kulikuwa na mstari wa herufi ndogo, lakini Mama alikuwa ameshaichukua kadi mkononi mwangu. Aliishika kwa vidole vyake vyenye chumvi, akaitazama muda mrefu. Nilimhurumia. Nilidhani anaitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Kisha akaingiza kadi kwenye kitenge chake, kiunoni, akavuka kwenda kwa Papa Modeste. Walizungumza kwa sauti ya chini. Sikusikia neno hata moja, ila nilimwona Papa Modeste akivua miwani na kuifuta kwa koti lake, kitu alichofanya tu akiwa amesoma ukurasa unaomgusa.

Mama alirudi. “Ni samedi,” akasema. “Saa munane, ku Makomeno, ku nyumba ya baba yako. Tutaenda.”

“Tutaenda kumulilia?” Nilikasirika. “Miye siendi kulilia ule muntu.”

“Utaenda. Ni shemeki yangu. Na ku kilio bantu habaendake mikono tupu.”

Siku ya Ijumaa aliazima kwa Papa Modeste kalamu yake ya wino wa kijani, akasema ni kwa ajili ya mdogo wake anayetaka kujaza fomu. Alichagua samaki wawili wakubwa kuliko wote, wale wa kuuzwa kwa mabwana wenye magari, akawafunga kwenye kitambaa cheupe. Mimi alinifunga kitambaa cheusi kichwani. Jumamosi tulitembea kutoka Katuba jua likiwa kichwani, Mama mbele na beseni, mimi nyuma.  Mara mbili njiani nilimsikia akinong'ona peke yake, nikadhani anasali rozari.

Na kweli, tulipofika, kila kitu kilikuwa kilio. Ningeapa hata leo. Hema limesimamishwa uani, chini ya mti wetu wa avoka. Viti vya plastiki vimepangwa mistari. Picha yake kubwa imewekwa getini, palepale ilipokuwa ya Baba. Magari yamejaa barabarani. Wanaume wamevaa suti nyeusi, padri amekaa mbele, wanawake wako nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Na mtu mmoja mfupi amesimama na kipaza sauti na karatasi, anasoma: alizaliwa mahali fulani, alisoma kwa mapadri, alipata cheti hiki na kile. Nani asingelia?

Mama alishusha beseni chini. Alifungua kitambaa cha kichwa akakifunga kiunoni. Kisha akalia.

Sijawahi kusikia kilio kama kile, na nimezika watu wengi. Kilitoka chini kabisa, kikamkata yule mtu mfupi katikati ya sentensi.

“Yoo, shemeki yangu eee! Unaenda, unatuacha na nani? Nani atatuonyesha fasi ya kulala? Ni wewe ulituonyesha mulango, shemeki! Ni wewe ulitutosha mu nyumba hii na bintu byetu ku kichwa!”

Watu waligeuka. Kule nyuma ya nyumba, wanawake wa jikoni walisikia sauti ya kilio, na miili yao ikafanya ilichozoea. Walitoka mbio na miko mikononi, wakilia na wao, bila kujua wanamlilia nani. Shangazi yangu mmoja, dada yake Baba, alijitupa chini mavumbini na nguo yake mpya.

“Nani alikufa? Nani?” aliuliza mzee mmoja mstari wa mbele.

“Unaenda kukuta ndugu yako kule!” Mama alikuwa anatembea sasa katikati ya viti, mikono kichwani. “Atakuuliza, bibi yangu iko wapi? Utamujibu nini, shemeki? Atakuuliza, mutoto yangu iko wapi? Utamusomea tena ile karatasi? Ile karatasi ya kusema hakuacha bibi, hakuacha mutoto? Utaisoma na uso gani kule?”

Ndipo Baba Mukubwa alipoinuka. Alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kiti cha sofa kilichofunikwa kitambaa, karibu na meza yenye chupa ya mvinyo na rundo la vitabu.  Nilidhani amefufuka kwa sababu nilimwombea vibaya. Alimnyang'anya yule mfupi kipaza sauti.

“Niko muzima!” akapiga kelele, na kipaza sauti kikalia nacho. “Bamama, nyamazeni! Niko muzima! Ni batême ya kitabu!”

Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kitabu kipya kinabatizwa, kwamba kina baba yake wa ubatizo, yule mfupi, ambaye kazi yake ni kusifu mwandishi na kukimwagia kitabu mvinyo kidogo mbele ya wageni. Ubatizo na maziko vilikuwa na hema moja, viti vilevile. Mtoto angejuaje?

Mama alisimama. Alinigeukia, akaninyooshea mkono, akafungua kinywa: “Geuka uangalie, shemeki...” Lakini wanaume wawili wenye tai walikuwa wameshamkamata mikono. Hakumaliza. Alibadilika papo hapo, akawa mdogo, akawa mwanamke wa samaki.

“Pardon, shemeki. Pardon, bantu bote. Ni mutoto alinisomea vibaya. Aliniambia unakufa. Miye sijue kusoma, unajua mwenyewe.”

Macho yote ya hema lile yalinishukia mimi na kitambaa changu cheusi. Nilijikojolea. Sioni haya kulisema sasa, ila siku ile niliona haya ya kutosha maisha mawili.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Kumlilia mtu aliye hai si jambo dogo kwetu. Padri alitazama saa yake akakumbuka ubatizo mwingine, wa mtoto. Yule baba wa kitabu alisema mvinyo si mzuri kufunguliwa baada ya machozi. Wageni walianza kuondoka wawili wawili, kwa upole mwingi, na hakuna aliyebeba kitabu, maana nani ataweka nyumbani kitu kilichokwisha kuliliwa? Rundo lilibaki mezani lilivyokuwa. Nilimwona Baba Mukubwa akiligusa kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Getini nyuma yetu watu walikuwa wanaulizana, na hilo swali lilizunguka Makomeno nzima kwa miezi: “Ule mutoto ni ya nani?” Wanawake wasiotufahamu walikuja hadi meza ya Mama, wakajifanya wanachagua samaki, wakanitazama paji la uso. “Ee,” walisema wakiondoka. “Ni damu yabo.”

Nyumba hatukurudishiwa. Baba Mukubwa yumo humo mpaka leo, na mti wa avoka bado unazaa, nimeuona kutoka barabarani.

Mimi nilibaki na aibu. Soko lilinipa jina jipya, Bijou mwenye kuzika bazima, na walinitania kwalo mpaka nikaota matiti. Mama hakuwahi kunitetea hata siku moja. Wakinitania, alipanga samaki. Nilimchukia kidogo kwa hilo, na nilijichukia zaidi. Nilisoma kila kitu mara mbili tangu siku ile, mara tatu, ili nisikosee tena mbele ya watu. Labda ndiyo sababu nikawa muuza vitabu. Papa Modeste alipozeeka aliniachia vibanio vyake vyote katika mfuko wa sukari, na kibanda, na masharti mawili: usitundike kitabu usichokisoma, na usitundike kadi bila lakini. Sasa nina duka lenye dirisha la kioo. Juu ya mlango kumeandikwa Kwa Bijou, na watu wa historia na maisha ya watu, walimu, mapadri, wanafunzi wa chuo, wanakuja kwanza kusoma kadi, kisha ndipo wanaingia.

Turudi kwenye sanduku.

Nilisoma kwanza upande wa mbele, ule niliousoma kwa sauti nikiwa na miaka tisa. Safari hii niliufikia na ule mstari wa chini, wa herufi ndogo, ambao Mama alininyang'anya kabla sijaufikia: “Batême ya kitabu, samedi saa munane, ku Makomeno. Muandishi mwenyewe atakuwa pale kutia saini.”

Kisha nikaigeuza. Nyuma kumejaa wino wa kijani. Mwandiko ni wa duara, wa shule ya masista, na pembeni ya kadi sandukuni kulikuwa na daftari la shule ya Kasenga lenye mwandiko uleule na jina la Mama kwenye jalada. Aliandika kilio chake chote. “Yoo shemeki yangu, unaenda, unatuacha na nani.” Mstari wa pili ulikatwa na kuandikwa upya, kwa sababu wa kwanza ulikuwa mrefu mno kwa pumzi moja. Pembeni aliandika: “Hapa kutembea katikati ya viti.” Mama alijua kusoma. Alijua kwamba Baba Mukubwa yu hai. Miaka yote ile ya unisomeye ilikuwa shule yangu, na siku ile nilikuwa kisingizio chake, maana mjane akimlaani shemeji yake watamfunga mdomo, ila mjane akimlilia hakuna anayethubutu. Ndiyo maana nilicheka. Nilibeba kosa langu miaka thelathini, kumbe halikuwa kosa, lilikuwa kazi niliyotumwa, na niliifanya vizuri. Nililia pia. Angeniambia. Hata siku moja ya mwisho, angeniambia.

Mstari wa mwisho ni ule ambao hawakumwacha aumalize. Mbele yake ameweka nukta mbili, kama za Papa Modeste.

Na sasa, mwezi mmoja baada ya Mama kuzikwa, dereva amenishushia katoni dukani. Ni chapa mpya ya kile kitabu. Baba Mukubwa ni mzee sana, na anataka kusomwa kabla hajaondoka. Barua yake imeandikwa kwa heshima, kwa Madame Bijou, ambaye hamjui. Anasikia kwamba nimeendeleza desturi nzuri ya kadi, anasema, naye ataona fahari kupata kadi dirishani kwangu. Nimekisoma kwa siku mbili, kwa kuwa sharti ni sharti. Sura ya tatu, juu ya mama yake, ni nzuri, sitasema uongo. Kurasa chache mbele bado kuna sentensi yake: ndugu yangu mdogo, aliyefariki bila mke wala mtoto. Alipata miaka yote hii ya kuifuta.

Nimekata boksi la maziwa. Nimenakili sifa za Papa Modeste neno kwa neno, na baada ya Lakini nimeandika mstari wa mwisho wa Mama jinsi ulivyo:

“Geuka uangalie, shemeki. Mutoto ya ndugu yako njo huyu. Anaitwa Ngoie, sawa vile mama yenu.”

Chini nimetia saini, na sikuandika Bijou. Kadi iko dirishani, imebanwa kwa kibanio cha zamani. Barua inasema atapita Jumamosi, saa nane, yeye na wageni wake, kulitazama dirisha. Nimekodi viti vya plastiki.